Usiku wa Upepo Mwingi: Kudai Mapato ya Umeme Uliozuiwa Kuzalishwa

Hotuba iliyotolewa mjini Nairobi mbele ya wahandisi, mawakili na wahasibu wa sekta ya umeme

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mawakili na wahasibu wa makampuni ya umeme, wazee wetu mliosafiri kutoka Marsabit na Kajiado, mabibi na mabwana. Nashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nitaomba mnivumilie nikianza na jambo dogo kabla ya kufika kwenye mikataba na mabilioni.

Jambo lenyewe ni daftari la zamu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi katika shamba moja la upepo, yaani eneo la mitambo mingi inayozalisha umeme kwa upepo, na usiku mmoja, saa saba na dakika arobaini, simu ya chumba cha udhibiti ililia. Sauti ya upande wa pili, kutoka kituo cha taifa cha udhibiti wa gridi, ilitutaka tushushe uzalishaji kutoka megawati 71 hadi megawati 25, kwa kuwa nchi ilikuwa imelala na gridi haikuwa na mahali pa kuupeleka umeme wote ule. Kijana aliyekuwa zamu alitii mara moja, kama alivyofundishwa. Mapanga ya mitambo yakageuzwa ukingo kuelekea upepo ili yasiushike, mzigo ukashuka, na sindano ya masafa (frikwensi) ya gridi ikatulia. Akachukua kalamu akaandika: "Tumepunguza. Upepo mwingi." Kwenye safu ya sababu, iliyotakiwa kujazwa kwa namba, aliiacha namba iliyokuwapo tangu mchana, ambayo ilikuwa ya matengenezo. Ruhusa ya kupanda tena ilikuja saa kumi na moja na robo alfajiri, na nje upepo ulikuwa haujapungua hata kidogo.

Mwezi uliofuata tulipeleka kwa shirika linalonunua umeme wetu dai la umeme ambao tungeuzalisha katika saa zile tatu na nusu na ushei, karibu uniti 165,000, uniti moja ikiwa ni kilowati moja kwa saa moja. Jibu lilikuja kwa barua ya aya moja: kumbukumbu za mnunuzi hazikuonyesha amri yoyote katika muda huo, kumbukumbu zetu wenyewe zilionyesha matengenezo, na mkataba haulipi matengenezo. Tuliomba rekodi ya mazungumzo ya simu tukaambiwa muda wa kuzihifadhi ulikuwa umepita. Hapakuwa na la kujibu. Yule kijana hakuwa mzembe, alikuwa peke yake usiku wa manane mbele ya skrini nne, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba ile safu moja ya daftari ilikuwa ni hundi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Mapato yanayopotea shamba la upepo linapoamriwa kupunguza uzalishaji huokolewa au hupotea usiku ule ule amri inapotolewa, mikononi mwa watu wa zamu, na wakili hodari akija miezi sita baadaye hukuta mambo yameshaamuliwa na kalamu. Na kwa kuwa kila shilingi inayolipwa kwa umeme usiozalishwa hatimaye hutoka kwa mwananchi anayenunua tokeni, kumbukumbu hiyo inapaswa kuwa safi kiasi kwamba mlipaji mwenyewe akiisoma asione cha kutilia shaka.

Kwanza tuelewane kwa nini amri hizi zinatolewa hapa kwetu, maana wengi hudhani ni uhasama kati ya shirika la umeme na wawekezaji. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na kilele hicho hufikiwa jioni, watu wanapopika, wanapowasha taa na televisheni. Baada ya saa sita usiku mahitaji huporomoka hadi karibu nusu ya hapo. Wakati huo jotoardhi ya Olkaria, yenye uwezo unaozidi megawati 900, inaendelea kusukuma, kwa sababu kisima cha mvuke si bomba la kufungwa na kufunguliwa kila usiku bila madhara. Upo umeme unaonunuliwa Ethiopia tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kwa mkataba wa megawati 200, ambao nao una masharti yake. Na upo upepo.

Upepo wa Turkana una tabia ambayo kila mtu aliyewahi kulala Loiyangalani anaijua, hata kama hajasoma kitabu chochote cha hali ya hewa. Ule mkondo unaopita katika bonde kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya huwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri, kisha hulegea jua linapopanda na kuichemsha ardhi. Wazee mlioko hapa mtanirekebisha nikikosea, lakini nakumbuka mzee mmoja akituambia kwamba mbuzi wake hawahitaji kuambiwa kumekucha, wao husikia upepo unavyoanza kuchoka. Kwa hiyo shamba linazalisha kwa wingi saa zile zile ambazo nchi haihitaji, na mtu wa kituo cha udhibiti akitazama orodha yake ya kupunguza, upepo ndio unaopungua kwa urahisi na kwa haraka kuliko vyote. Anageuza mapanga kwa amri moja na hakuna boila inayopoa. Mimi simlaumu. Huko Olkaria nako kuna usiku ambapo mvuke huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote, na hilo pia ni mapato yanayopaa mbele ya macho yetu.

Tofauti iko kwenye mikataba. Baadhi ya mitambo ya jotoardhi hulipwa kwa namna mbili: malipo ya uwezo, yaani ada ya kuwa tayari, na malipo ya kila uniti inayotoka. Ikipunguzwa, ile ada ya kwanza inabaki. Shamba la upepo kwa kawaida hulipwa kwa uniti peke yake. Likipunguzwa, halina kitu, na wala haliokoi mafuta, kwa kuwa halichomi mafuta. Mkopo wa benki unaendelea kuhesabu riba usiku kucha. Ndiyo maana mikataba ya ununuzi wa umeme wa upepo huwekwa kifungu cha umeme unaohesabiwa kuwa umezalishwa: ikiwa mtambo ulikuwa tayari, upepo ulikuwepo, na kizuizi kilitoka upande wa mnunuzi au wa gridi, basi mnunuzi atalipa kana kwamba umeme ulipita kwenye mita.

Kenya iliujua uzito wa kifungu hicho kabla hata mapanga ya Lake Turkana Wind Power, shamba kubwa la upepo lililo karibu na Loiyangalani, hayajaanza kuuza umeme. Mnazikumbuka tarehe. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi ule, ikiwa na hofu kwamba nchi ingelazimika kulipia umeme ambao isingeweza kuutumia. Mradi uliendelea chini ya uongozi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika katika ukopeshaji, na mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, ikasimamishwa na kuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kilovolti 400 ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mkandarasi wake kutoka Hispania, Isolux Corsán, alikuwa ameanguka kifedha njiani, na kazi ikabidi ikabidhiwe wengine. Laini ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mitambo ilisimama ikipigwa na upepo bora barani, na mkataba ukawa unahesabu. Serikali ililipa takriban shilingi bilioni 5.7 kwa mkupuo, na sehemu nyingine ya deni ikaingizwa katika bei ya umeme kwa miaka iliyofuata.

Watu wengi walikasirika, na mimi nilielewa hasira yao. Lakini nataka tuitazame hasira hiyo kwa makini, kwa sababu ilichanganya mambo mawili ambayo mkataba mzuri unapaswa kuyatenganisha. Laini isipokuwepo, aliyeahidi laini ndiye aliyeshindwa, na haki ya mwenye mitambo kulipwa haina utata. Laini ikiwepo lakini mahitaji ya usiku yakawa madogo, hapo swali ni gumu zaidi: nani aliyekadiria mahitaji, nani aliyeruhusu mitambo mingi kuliko usiku unavyoweza kubeba, na je, mwekezaji aliyetia saini akijua usiku wa Kenya ulivyo hapaswi kubeba sehemu yoyote? Maoni yangu, ambayo najua baadhi ya wenzangu hapa hawatayapenda, ni kwamba mikataba mipya iwe na idadi fulani ya saa kwa mwaka ambazo shamba litapunguzwa bila malipo, saa hizo zitajwe waziwazi tangu siku ya kwanza, na bei ya uniti ipangwe kwa kuzijua. Benki hukopesha kwa hatari inayopimika. Inachoogopa ni hatari isiyo na kikomo, na kifungu kinachosema tu kwamba mnunuzi anaweza kupunguza "inapobidi" ndicho kinachoogofya zaidi, kwa kuwa neno hilo halina mwisho.

Ipo sababu ya tatu, ambayo si amri kabisa ila huja imevaa nguo za amri. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, saa tatu na dakika arobaini na tano usiku, karibu nchi nzima iliingia gizani. Kenya Power, shirika linalonunua na kusambaza umeme, ilisema mwanzo wa tatizo ulikuwa kupotea kwa uzalishaji wa Lake Turkana. Lake Turkana nayo ikasema mitambo yake, iliyokuwa ikitoa kama megawati 270, ilisukumwa nje na volteji iliyozidi kiasi kwenye gridi. Sikuja kuamua kesi hiyo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba pande mbili zinaweza kuutazama usiku mmoja na kuusimulia kinyume, na kitu pekee kinachoweza kuzipatanisha ni kumbukumbu za vifaa viwili vyenye saa iliyolinganishwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Kama saa ya kituo cha shamba na saa ya kituo cha taifa zinapishana hata kwa sekunde tano, hakuna mtu atakayejua kipi kilitangulia, volteji kupanda au mitambo kutoka, na anayedai fidia anabaki na hadithi tu.

Sasa niingie kwenye kipimo, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea na ndipo pia udanganyifu hujificha.

Umeme usiozalishwa hauna mita. Lazima ukadiriwe, na mkadiriaji huanza na upepo. Nguvu iliyomo ndani ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Maana yake kwa mhasibu ni kwamba kosa dogo la kifaa huwa kosa kubwa la ankara. Kipimaupepo kikisoma asilimia tano zaidi ya ukweli, nguvu inayokokotolewa huzidi kwa karibu asilimia 16, mradi mtambo haujafika kikomo chake cha juu. Ukishafika kikomo, kosa hilo halina athari, kwa kuwa mtambo wa kilowati 850 hutoa kilowati 850 hata upepo ukizidi. Kwa hiyo mabishano makali hutokea katika usiku wa upepo wa kati, na katika usiku wa upepo mkali sana pande zote huelewana upesi.

Kuna jambo lingine ambalo mawakili wetu hawakulijua hadi tulipowapandisha juu ya mtambo mmoja na kuwaonyesha. Kipimaupepo kilichofungwa juu ya nyumba ya mtambo kinakaa nyuma ya mapanga. Mapanga yakizunguka, hewa inayokifikia imekwisha kunyang'anywa sehemu ya nguvu na kuvurugwa, na watengenezaji huweka marekebisho katika programu ili kuurudisha usomaji kwenye kasi halisi. Marekebisho hayo yametengenezwa kwa mtambo unaofanya kazi kikamilifu. Siku mapanga yanapogeuzwa ukingo kwa amri ya kupunguza, hewa hupita kwa namna nyingine, lakini programu inaendelea kusahihisha kana kwamba hakuna kilichobadilika. Usomaji unapanda kidogo, na dai linapanda kwa kipeo cha tatu. Hakuna aliyekusudia kuiba, lakini fedha ya ziada imedaiwa. Pia mtambo wa mbele ukisimamishwa, ule wa nyuma yake hupata upepo ambao kwa kawaida usingeupata, na ukikokotoa kila mtambo peke yake kisha ukajumlisha, utapata umeme ambao shamba zima lisingeweza kuutoa hata kwa siku moja.

Dawa yake inajulikana. Usimamishwe mnara wa vipimo ulio huru, mbali na kivuli cha mapanga, wenye vipimaupepo viwili katika kila kimo, vinavyopelekwa kukaguliwa kwa zamu, na data yake iende kwa mnunuzi na kwa muuzaji kwa wakati mmoja. Au baadhi ya mitambo, iliyochaguliwa kwa makubaliano, iachwe ikizunguka bila kupunguzwa wakati wa amri, iwe kama mashahidi, na uzalishaji wake utumike kukadiria wenzao. Mimi naipenda zaidi njia hii ya pili, kwa kuwa shahidi wake ni umeme wenyewe uliopita kwenye mita.

Ujerumani, ambako upepo wa kaskazini umekuwa ukizidi uwezo wa laini za kuelekea kusini kwa miaka mingi, wameweka njia za kukokotoa katika kanuni, na mwenye mtambo huchagua moja mapema. Njia rahisi huchukua kiwango cha robo saa ya mwisho kabla ya amri na kukishikilia hadi amri iishe. Njia ya makini hutumia kasi ya upepo iliyopimwa pale pale mtamboni. Na tangu utaratibu mpya ulipoanza tarehe 1 Oktoba 2021, mitambo yote kuanzia kilowati 100 imeingizwa humo. Ile njia ya robo saa ina uzuri wa kutobishaniwa, lakini kwa Turkana ingetudhulumu upande mmoja au mwingine, kwa sababu amri zetu hukaa saa nyingi na upepo wetu hupanda kuelekea alfajiri. Inafaa amri ya dakika ishirini. Haifai usiku mzima. Nilipenda pia kwamba huko malipo hupunguzwa kwa gharama ambazo mwenye mtambo ameziokoa kwa kutozalisha, hata kama kwa upepo gharama hizo ni ndogo. Kifungu hicho kinamkumbusha mdai kwamba anarudishiwa alichopoteza, basi.

Uingereza wanatufundisha upande wa pili. Huko mashamba ya Scotland hulipwa yanapozimwa kwa sababu laini za kwenda kusini zimejaa, na malipo hutegemea makadirio ambayo shamba lenyewe limeyatangaza kabla ya saa husika. Mwaka 2024 shirika la habari la Bloomberg lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mashamba kadhaa yalikuwa na mazoea ya kukadiria juu kuliko yalivyozalisha, na kwa hiyo kulipwa kwa kuacha kuzalisha umeme ambao pengine yasingeuzalisha. Nilipoisoma habari ile niliumia, kwa kuwa najua matokeo yake: mwananchi akishahisi kwamba amedanganywa mara moja, hataamini ankara yoyote ya upepo tena, hata iliyo ya haki. Sisi bado tuna nafasi ya kutofika huko. Makadirio ya muuzaji peke yake yasiwe kamwe msingi wa malipo.

Turudi kwenye fedha, tuzione kwa karibu. Chukulieni shamba ambalo upepo unaliruhusu kutoa megawati 80, likaamriwa kubaki kwenye 30 kwa saa tatu. Ni megawati 50 mara saa tatu, yaani uniti 150,000. Kwa bei ya msingi ya mkataba wa Lake Turkana, senti 7.52 za yuro kwa uniti, ni yuro 11,280 kwa usiku mmoja. Zidisheni kwa usiku mia moja, mpate zaidi ya yuro milioni moja na laki moja. Shamba linaweza kubeba usiku mmoja. Haliwezi kubeba mia moja likaendelea kulipa mkopo. Na upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo yupo mama mwenye saluni Kitengela, anayenunua tokeni za shilingi mia mbili mia mbili, ambaye atalipa sehemu yake ya yuro hizo kwa umeme ambao haukuwahi kukausha nywele za mteja wake. Ninapokaa kuandaa dai huwa namfikiria yeye kuliko ninavyomfikiria ofisa atakayelipokea.

Ndiyo sababu naona kwamba baadhi ya mapato haya yasidaiwe kwa ankara kabisa, bali yaokolewe kwa kuuza umeme wenyewe. Tangu Desemba 2017 wenye viwanda wanaoongeza matumizi yao usiku wamekuwa wakipewa nafuu ya nusu bei kwa matumizi hayo ya ziada. Mpango ule ulikuwa mzuri, ila masharti yake ya kuvuka kiwango cha awali yaliwachosha wengi, na mwenye kusaga nafaka au kutengeneza barafu ya samaki hawezi kubadilisha zamu za wafanyakazi kwa ahadi asiyoielewa. Mwaka 2025 Rais Ruto mwenyewe alieleza hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme. Usiku huo huo, saa chache baadaye, tunauzima upepo kwa kukosa mnunuzi. Umbali kati ya matatizo hayo mawili ni saa chache tu, na betri inayoweza kutoa umeme kwa muda wa saa nne mfululizo ingeweza kuuziba kwa sehemu kubwa. Nawaomba wanasheria mnaoandika mikataba mipya mruhusu jambo moja: umeme uliozuiwa usiku ukiingizwa kwenye betri ya shamba na kuuzwa jioni inayofuata, uhesabiwe kuwa umeuzwa, usihesabiwe kuwa umefidiwa, ili tusilipwe mara mbili kwa upepo mmoja.

Upo pia mlango wa jirani. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida iliwashwa mwishoni mwa mwaka 2024, na sasa gridi yetu na ya Tanzania zimeshikana. Wengine husema Tanzania haihitaji umeme wetu kwa kuwa ina Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lenye megawati 2,115. Mimi naona kinyume. Bwawa ndilo rafiki mkubwa wa upepo, kwa sababu maji yanaweza kungoja na upepo hauwezi. Rufiji ikipumzishwa saa nane usiku ikatumia upepo wa Turkana kwa bei ya chini, maji yale yale yatashuka kwenye mitambo saa mbili usiku unaofuata, na hakuna aliyepoteza. Kinachotakiwa ni bei ya usiku iliyokubaliwa mapema na mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kuitumia bila kumpigia mkurugenzi simu.

Texas walifanya jambo kama hilo kwa njia ya laini. Mwaka 2009 walikuwa wakiuzima karibu asilimia 17 ya upepo wao, wengi wake ukiwa magharibi mwa jimbo, mbali na miji. Wakajenga laini kwa gharama ya takriban dola bilioni saba, zilizokamilika kufikia mwanzoni mwa 2014, na kiwango hicho kikashuka hadi chini ya asilimia mbili.

Lakini mpaka sisi tufike huko, amri zitaendelea kuja usiku, na kila moja itahitaji karatasi yake. Kwa hiyo nimalizie kwa kazi ninayoifahamu. Baada ya yale yaliyotupata, tulitengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Ina jina la aliyetoa amri na la aliyeipokea, saa ya kuanza na ya kumalizika kwa saa ya setilaiti, kiwango kilichoamriwa, kiwango kilichokuwepo dakika moja kabla, idadi ya mitambo iliyokuwa tayari, idadi iliyokuwa kwenye matengenezo, kasi ya upepo kwenye mnara, uzalishaji wa mitambo mashahidi, na sababu kwa maneno ya mtoa amri mwenyewe: laini kujaa, mahitaji madogo, au usalama wa gridi. Aliyepokea anaisoma kwa sauti kwenye simu, aliyetoa anasema "sahihi" au anarekebisha, na nakala inatumwa kwa pande zote mbili kabla zamu haijabadilishwa asubuhi. Mwezi ukiisha, jumla yake inapelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ili itangazwe, amri kwa amri, pamoja na kiasi kilicholipwa.

Katika mwaka wa kwanza wa kuitumia, madai mawili kati ya yale tuliyokuwa tumezoea kuyapeleka tuliyaondoa wenyewe, kwa sababu fomu ilionyesha kwamba mitambo tuliyodhani ilikuwa tayari haikuwa tayari. Yaliyobaki yalilipwa bila barua ya pili. Nimeacha nakala hamsini kwenye meza iliyo karibu na mlango. Wale mnaorudi zamu leo, ya kwanza mnaweza kuijaza usiku huu huu.